Injini Mpya, Bodi ya Zamani: Andikeni Kwanza, na Breki Zitangulie

Wiki hii safu yetu inaingia gereji. Huenda mtu akauliza gereji ina uhusiano gani na kurasa za familia. Sisi tunaoishi Mang'ola tunaujua uhusiano huo vizuri. Vitunguu vikishang'olewa, vikakaushwa, vikafungwa kwenye magunia na kupakiwa malori, fedha inayorudi Barazani huwa na njia zake: ada za watoto, mabati ya nyumba, mahari ya kijana, na gari. Njia tatu za mwanzo hujadiliwa na familia nzima. Ya nne mara nyingi huamuliwa na mwanamume peke yake, akiwa amesimama na fundi chini ya mti.

Hatuzungumzii gari lililotoka bandarini. Tunazungumzia shauku iliyowashika vijana wetu, na baadhi ya wazee pia: kuchukua gari la zamani lenye jina, kulivua mpaka ibaki chasisi, kisha kulijenga upya kwa injini ya kisasa, giaboksi nyingine, viti, taa na rangi anayoitaka mwenyewe. Katika simu zao vijana huwatazama Wamarekani wakiyafanya hayo kwa magari ya miaka ya 1960. Asili ya magari yale ni fikra moja nyepesi. Mwaka 1964 kampuni ya Pontiac ilichukua gari la ukubwa wa kati, ikalifunga injini ya silinda nane yenye ujazo wa lita 6.4 iliyozoeleka katika magari makubwa, ikaliita GTO. Mwezi Aprili mwaka huohuo Ford ikatoa Mustang. Watu waliyapenda kwa sababu yalitoa nguvu nyingi katika umbo la kawaida, kwa bei ambayo kijana mwenye kazi aliweza kuimudu. Leo mafundi wa huko huyafufua kwa kuyafunga injini zinazoongozwa na kompyuta, breki za diski na viyoyozi, huku umbo la nje likibaki lilelile la zamani.

Bondeni kwetu Mustang haitavuka hata korongo la kwanza. Gari letu la namna hiyo ni Land Rover. Lilioneshwa kwa mara ya kwanza katika maonesho ya Amsterdam mwezi Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa adimu, kwa hiyo bodi yake ikatengenezwa kwa aloi ya aluminiamu. Uhaba ule umetufaa sisi wa leo, kwa kuwa aluminiamu haiozi kwa kutu kama bati la chuma. Ndiyo maana hata sasa mtu hukuta "109" ya miaka ya 1970 imetelekezwa nyuma ya ghala, bodi ikiwa nzima na injini imekufa. Namba hiyo ya 109 ni inchi zilizopo kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, nao urefu huo ndio uliolifanya libebe abiria na mizigo ya vijiji vyetu kwa miongo mingi. Utengenezaji wa Land Rover za ukoo ule wa asili ulikoma kiwandani Solihull mwezi Januari 2016, na tangu hapo mapenzi ya watu yamezidi. Mwezi Oktoba 2024 wenye magari hayo walikusanyika Arusha kwa mamia.

Sababu ya kubadilisha injini inaeleweka. Injini ya dizeli ya 109 ya miaka ile ilikuwa na ujazo wa lita 2.25 na nguvu za farasi zipatazo 62 tu. Mwaka 1990 Toyota ilianza kutumia injini ya 1HZ, yenye silinda sita, ujazo wa lita 4.2 na nguvu za farasi takriban 130, isiyotegemea kompyuta, na ambayo vipuri vyake hupatikana Karatu na Arusha bila kusubiri meli. Anayepandisha abiria na magunia kutoka ufukwe wa Eyasi hadi nyanda za juu za Karatu haoni ajabu yoyote katika kuihamishia injini kama hiyo ndani ya bodi ya babu yake.

Wala ufundi wenyewe si mgeni nchini. Magari ya watalii yanayopita hapa kwetu kwenda kuwatembelea Wahadzabe, mengi ni Land Cruiser zilizokatwa chasisi Arusha, zikarefushwa, zikawekewa viti vya ziada na paa la kuinuka. Na karibu zaidi na sisi, wahunzi wa Kidatoga wanayeyusha kufuli na mabomba mabovu ya shaba wakatengeneza bangili, na kutoka chuma chakavu wanafua vyembe vya mishale wanavyouza kwa majirani zao Wahadzabe. Kukigeuza kilichotupwa kikawa chenye manufaa ni kazi yenye heshima. Qur'ani Tukufu, katika Suratu Sabaa, inamtaja Nabii Daudi (A.S.) aliyelainishiwa chuma, akaamrishwa atengeneze deraya na apime vizuri viungo vyake. Tuzingatie kwamba amri ile haikuishia kwenye kutengeneza. Ilitaja pia kipimo.

Basi hukumu yake ni ipi? Asili ya vitu ni kuruhusiwa, na hatujui dalili ya kumkataza Muislamu kulifufua gari lake kwa namna anayoipenda. Lakini nia hubadilisha daraja la jambo. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, Mtume (S.A.W.) aliwagawa wenye farasi makundi matatu: kuna ambaye farasi wake ni thawabu kwake, kuna ambaye ni sitara yake, na kuna ambaye ni mzigo wa dhambi, kwa kuwa alimfuga kwa kiburi na kujionesha. Nasi tunaopima injini kwa nguvu za farasi tunaweza kuupokea mgawanyo huo bila kutafuta tafsiri ya mbali. Gari linalompeleka mja mzito hospitali usiku ni la kundi la kwanza. Linalomtosheleza mwenyewe na watoto wake asiwe ombaomba ni la kundi la pili. Na lile lililojengwa ili jirani aone wivu, likafungwa spika zinazotikisa kuta za madrasa, tunamwachia mwenyewe alitafutie kundi lake.

Hata hivyo, uzoefu wetu katika kamati ya msikiti unaonesha kwamba magari haya hayawaharibii watu kwa sababu ya kiburi peke yake. Wengi huharibiwa na makubaliano ya mdomo. Liliwahi kuletwa kwetu shauri ambalo tunalieleza kwa ruhusa ya wahusika, bila majina wala kijiji. Baada ya mavuno mazuri, muumini mmoja alipeleka 109 yake katika gereji fulani mjini. Fundi angetafuta injini ya Toyota pamoja na giaboksi yake, aifunge, kisha aongeze viti vya abiria nyuma. Fedha ya kwanza ikatolewa, na kuhusu iliyobaki wakaambiana maneno yale tunayoyapenda: "Mengine tutaelewana." Msimu wa kwanza ukapita gari likiwa juu ya mawe. Msimu wa pili mwenye gari akaenda na mahitaji mapya: matairi mapana, usukani mwepesi wa kisasa, na rangi aliyoiona kwenye simu. Msimu wa tatu fundi akasema fedha imekwisha, na mwenye gari akasema ameibiwa.

Kisha akaja mke. Alieleza kwa utulivu kwamba sehemu kubwa ya fedha ile haikuwa ya mumewe. Ilikuwa ya vitunguu vya kipande cha shamba alichokikodi yeye, akakipanda na kukinywesheleza kwa maji ya mfereji, zamu za usiku zikiwemo, kisha akampa mume amhifadhie. Alipoihitaji kwa ajili ya ada ya binti yao, aliambiwa iko ndani ya injini.

Tuliwaketisha pamoja zaidi ya mara moja. Kilichotudhihirikia ni kwamba fundi hakuwa mwizi na mwenye gari hakuwa mzushi. Kila mmoja alikuwa akikumbuka mkataba wake, nayo ilikuwa mikataba miwili tofauti. Sulhu ilikuja hivi: fundi amalize kazi ya mwanzo kwa ujira uliokadiriwa na mafundi wawili wasiohusika, nyongeza zote za msimu wa pili zifutwe, na mume aandike deni kwa mkewe, lilipwe kwa mavuno mawili mbele ya mashahidi. Gari lilitoka. Binti alichelewa kuanza masomo kwa mwaka mzima, na mwaka ule hakuna fundi awezaye kuurudisha.

Ndipo tunapowaomba wasomaji watulie katika fikihi kidogo. Mtu akimwagiza fundi amtengenezee kitu kwa vipimo maalumu, na vifaa vikatoka kwa fundi, mapatano hayo huitwa istisnaa. Wanazuoni wa Kihanafi waliyapitisha tangu zamani, wakitaja miongoni mwa dalili zao mimbari ya Mtume (S.A.W.) iliyoagizwa kwa seremala. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunayafuata, agizo la namna hiyo lilipitishwa kwa masharti ya salam, ambayo hutaka bei yote ilipwe papo hapo. Mwaka 1992 Baraza la Kimataifa la Fikihi la Kiislamu, katika kikao chake cha saba mjini Jeddah, liliamua kwamba istisnaa ni mkataba unaozifunga pande zote mbili, kwamba bei inaweza kulipwa kwa awamu, na kwamba ni lazima zibainishwe aina ya kitu, kiasi, sifa zake na muda wa kukikabidhi. Liliruhusu pia sharti la fidia likikubaliwa, isipokuwa pale dharura isiyozuilika inapotokea. Lakini tusichanganye mambo: fidia ya kuchelewesha kazi si sawa na nyongeza juu ya deni lililochelewa. Hii ya pili ni riba.

Mwenye gari akileta kila kitu mwenyewe, bodi, injini, giaboksi na hata boliti, hiyo si istisnaa tena. Ni ijara, yaani anakodi kazi ya mikono ya fundi, na kinachotakiwa kujulikana ni kazi yenyewe na ujira wake. Na mara nyingi kwetu mambo huchanganyika: bodi ni ya mteja, injini anaiuza fundi, na kazi inalipiwa. Hapo ni salama zaidi kutenganisha karatasi. Injini inunuliwe kwa bei yake inayojulikana, na kazi ya kuifunga iandikiwe ujira wake. Neno "tutaelewana" juu ya bei ni gharari, nayo gharari ilikatazwa kwa kuwa huzaa ugomvi huu huu tuliousimulia.

Na gari likiwa gerejini, je, dhamana ni ya nani? Fundi anayepokea kazi za watu wengi amekabidhiwa amana. Akizembea, analipa. Imepokewa kutoka kwa Imam Ali (R.A.) kwamba aliwatoza mafundi vilivyopotea mikononi mwao kwa ajili ya kuwalinda watu, ingawa wanazuoni wameijadili sanadi yake. Kwa hiyo siku ya kulipeleka gari, ziandikwe na kupigwa picha zile zilizomo: betri, jeki, tairi la akiba, redio. Fundi mwaminifu hatachukia, kwa sababu karatasi ileile inamkinga na yeye. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul-Baqara, imehusu kuandika madeni na kuweka mashahidi. Haiwezekani tuihifadhi madrasani kisha tuiache mlangoni mwa gereji.

Baada ya karatasi, sasa tuingie kwenye chuma chenyewe. Mwenye gari anapokuwa na fedha, kitu cha kwanza anachokitamani ni injini, na cha pili ni rangi. Sisi tunasema, kwa kuwauliza mafundi wenye ujuzi, kwamba mpango huo umepinduka. Gari la 109 liliundwa likiwa na breki za ngoma kwenye magurudumu yote manne, zikatosha kwa injini ya farasi 62. Ukizidisha nguvu mara mbili bila kuzigusa breki, umemnunulia dereva mwendo ambao hawezi kuusimamisha. Hesabu yake ni rahisi kwa mwanafunzi yeyote wa sekondari: gari likitoka mwendo wa kilomita 40 kwa saa hadi 80, nishati inayopaswa kumezwa na breki haiwi mara mbili, huwa mara nne. Kwenye mteremko wa kurudi bondeni, gari likiwa na abiria hadi juu ya paa, breki za ngoma hupata moto, na zikishapata moto hupoteza uwezo wa kushika, hata dereva akanyage kwa miguu miwili.

Kwa hiyo mpangilio uwe huu. Ianze chasisi, ambayo ni ya chuma na huoza hata bodi ya aluminiamu ikibaki inang'aa. Igongwe kwa nyundo kila hatua, na palipooza pakatwe na kuchomelewa na fundi anayejua. Zifuate breki: za diski kwa mbele angalau, pamoja na kifaa cha kuongeza nguvu ya kanyagio. Kisha springi na usukani, maana injini ya silinda sita ni nzito na itaikalia ekseli ya mbele. Kisha ekseli zenyewe. Vyuma vinavyozungusha magurudumu ya nyuma ya Land Rover za zamani vina sifa ya kukatika hata kwa injini yao wenyewe, sembuse kwa injini yenye nguvu maradufu. Baada ya hayo yote ndipo ifungwe injini na giaboksi yake, pamoja na rejeta inayolingana nayo, kwa maana joto la Eyasi halina huruma. Rangi na taa zije mwisho, kama fedha bado ipo. Na kama haipo, gari lisilo na rangi mpya linalosimama linapotakiwa kusimama limekwisha kumtosha Muislamu.

Lipo na suala la kadi. Kadi ya gari hubeba namba ya chasisi na namba ya injini. Anayebadilisha injini bila kuripoti Mamlaka ya Mapato anatembea na gari ambalo maandishi yake hayasemi kweli, na siku ya ajali atajikuta akijieleza kwa polisi na kwa kampuni ya bima. Vilevile asinunue injini isiyo na hati ya mauziano kwa kuwa tu ni rahisi. Huenda imetolewa katika gari la mtu aliyelia usiku kucha. Na atakayebeba abiria kwa nauli asisahau kwamba leseni na ukaguzi ni sehemu ya amana ya roho za watu. Kanuni ya sheria yetu inayokataza kudhuru na kudhuriana haikuwabagua abiria wa nyuma.

Mwisho tunarudi nyumbani, kwa kuwa huko ndiko fedha ilikotoka. Aya ya 32 ya Suratun-Nisaa imethibitisha kwamba mwanamke ana fungu lake katika alichokichuma. Fedha ya mke iliyowekwa kwa mume ni amana, na kuitumia bila idhini yake ni kuivunja amana, hata kama gari litakuja kumbeba yeye mwenyewe. Akiridhia kuitoa, iandikwe ni ya namna gani: zawadi, mkopo, au hisa katika gari. Ikiwa ni hisa, basi nauli za gari lile zina fungu lake kila mwezi, naye ana haki ya kuuliza daftari. Tumewaona wanandoa waliofanya hivyo, na tumeona jinsi mume alivyokuwa makini zaidi alipojua kwamba mshirika wake analala chumba kimoja naye na anajua bei ya dizeli.

Enyi vijana wa Mang'ola, hatuwakatazi kulipenda gari. Msimu huu, kabla ya kulivuta lile la nyuma ya ghala, fanyeni mambo machache. Keteni na watu wa nyumbani mjue fedha ni ya nani. Chukueni karatasi muandike kazi, bei, awamu za malipo na tarehe ya kukabidhiana, na kila nyongeza iandikiwe karatasi yake. Wekeni mashahidi wawili. Anzeni na chasisi na breki. Anayehitaji msaada wa kuandika, aje msikitini baada ya swala ya Alasiri. Kalamu ipo na hatutozi.

Tunamuomba Allah (S.W.) abariki mavuno yetu, aiongoze mikono ya mafundi wetu, na awalinde wasafiri wetu katika kupanda na kushuka. Wabillahi tawfiq.